Tumbawe la Kiota Huku Bara: Ukuaji Kwanza, Rangi Baadaye

Anayefuga matumbawe ya kiota, yale magumu yenye matawi membamba yaliyosongamana kama kiota cha ndege, hahitaji kukagua tangi zima ili ajue mambo yanakwendaje. Atazame ncha za matawi na moyo wa kichaka. Ncha zikiungua au kupauka, mara nyingi kosa liko kwenye alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) au mwanga. Moyo ukibaki mifupa mitupu ilhali nje kunapendeza, maji hayapenyi ndani. Ile rangi ya waridi au kijani kikali ambayo kila mtu anaitamani huja yenyewe pale ncha na moyo vikitulia. Vichupa vya kuongeza rangi havisaidii tangi ambalo kipimo chake kinapanda leo na kushuka kesho, kwa hivyo pesa hizo zitunze ununue vipimo.

Kitaalamu tumbawe hili ni Seriatopora, kwa kuwa polipu zake, yaani vijinyama vidogo vyenye mdomo, zimejipanga mistari kulifuata tawi. Seriatopora hystrix ina vijiti vyembamba vyenye ncha kama mwiba, na hupatikana zaidi kwa rangi ya waridi. Seriatopora caliendrum ina matawi manene kidogo na ncha butu, mara nyingi ya kijani, na ndiyo rahisi kwa anayeanza kwa sababu huvumilia mwanga mdogo kidogo.

S. hystrix huishi pia kwenye miamba ya Afrika Mashariki, lakini usishuke Watamu au Kisite na patasi mkononi. Ndani ya hifadhi za bahari kung'oa matumbawe ni kosa, na matumbawe yote magumu yamo kwenye Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hayavuki mpaka bila kibali. Nunua mche uliokatwa kwenye tumbawe lililokuzwa tangini, kwa muuzaji mwenye karatasi za uagizaji. Mche huo umekwisha kuzoea maisha ya kioo, na hiyo ni nusu ya kazi.

Hesabu zote hapa chini ni za tangi la sentimita 100 kwa 50 kwa 50. Kwenye karatasi ni lita 250. Ukiondoa mawe, mchanga na nafasi ya juu, hubaki lita 200 hivi. Tangi liwe limetimiza angalau miezi sita, mawe yameanza kushika mwani mgumu wa zambarau, na naitreti, ule uchafu unaotokana na chakula na kinyesi, haichezichezi. Ukilitia tumbawe hili kwenye tangi la wiki nane, usilaumu muuzaji.

Maji

Hapa ndipo wafugaji wa Nakuru na Kisumu hukosea kwa njia tofauti kabisa.

Maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, na kila aliyekulia Nakuru ameona meno ya kahawia. Kwa tumbawe, floraidi yenyewe haitishi sana kwani maji ya bahari nayo yanayo, kama miligramu 1.3 kwa lita. Kinachosumbua ni vinavyoandamana nayo: silika, inayolisha mwani wa kahawia kwenye mawe, na alkaliniti ya juu inayovuruga hesabu zako zote. Halafu kuna mtego ambao wengi hawaushuku. Nyumba nyingi huchuja maji ya kunywa kwa mkaa wa mifupa ili kuondoa floraidi. Mifupa ni fosfeti ya kalsiamu, na mkaa wake unaweza kuachia fosfeti majini. Maji hayo ni mazuri kwa mtoto, mabaya kwa tangi. Usiyatumie yalivyo, yapitishe kwanza kwenye chujio la RO (utando unaozuia chumvi na uchafu) na kichujio cha DI (kinachonasa yaliyobaki).

Kisumu maji yanatoka ziwani, yametiwa klorini, na msimu wa mvua huja na tope laini. Tope huziba kichujio cha kwanza, klorini hula utando wa RO. Badilisha kichujio cha tope na cha mkaa mapema kuliko lebo inavyosema, na uangalie shinikizo: maji ya tangi la juu ya paa peke yake hayana nguvu ya kusukuma utando, kwa hiyo utahitaji pampu ndogo ya kuongeza shinikizo.

Kipima TDS, kinachoonyesha chumvi zilizoyeyuka majini, kisome 0 baada ya DI. Kikianza kusoma 2 au 3, chembe za DI zimekwisha nguvu.

Na maji ya mvua? Hapana, ikiwa yanapitia mabati. Mabati yamepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa wanyama wasio na uti wa mgongo hata ikiwa kidogo.

Chumvi ya tangi inachanganywa gramu 37 hadi 39 kwa lita kupata ukolezi wa 35 (gramu za chumvi kwa kila kilo ya maji), yaani karibu kilo 7.5 kwa tangi letu. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha, na imetiwa vitu vya kuizuia isigande, kwa hivyo iache kwenye ugali na mboga. Koroga kwa pampu mpaka maji yawe angavu kabisa, pima chumvi kwa rifraktomita iliyorekebishwa kwa kimiminika cha 35, kisha ndipo utumie. Chagua chumvi ambayo ikishachanganywa ina dKH (kipimo cha alkaliniti) 8 hivi. Ukibadilisha lita 40 kwa chumvi ya dKH 12 huku tangi likiwa 8, umepandisha karibu 0.8 kwa mkupuo mmoja, na ncha zitakujibu ndani ya siku chache. Lita 20 kwa wiki zinatosha.

Joto, hewa na stima

Lengo ni nyuzi 25 hadi 26. Nakuru usiku wa baridi nje hushuka mpaka nyuzi 10 na kitu, hivyo weka hita mbili za wati 150 badala ya moja kubwa: moja ikikwama imewaka haitachemsha tangi, na moja ikifa nyingine itashikilia mpaka asubuhi. Kisumu shida ni mchana. Feni mbili ndogo za volti 12 zikipuliza juu ya maji hushusha nyuzi 2 hadi 4 kwa kuvukiza, lakini zinakula maji: lita 3 au 4 kwa siku si ajabu. Yasiporudishwa maji safi yasiyo na chumvi, ukolezi wa 35 unafika karibu 35.7 siku ya kwanza na unaendelea kupanda. Kijazio cha otomatiki si anasa Kisumu.

Jambo lingine la huku juu ambalo miongozo ya watu wa pwani hailigusi ni oksijeni. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Maji ya chumvi ya nyuzi 26 ambayo pwani yangebeba oksijeni miligramu 6.6 kwa lita, Nakuru hubeba 5.3 hivi. Kisumu, mita 1,130, ni karibu 5.8. Matumbawe na samaki wanaishi vizuri kwa kiwango hicho, ila akiba ni ndogo. Usiku mwani ukiacha kutoa oksijeni na kuanza kuivuta, akiba hiyo huisha haraka. Elekeza pampu moja ya mawimbi juu kiasi uso wa maji utetemeke, na skima, kile kifaa kinachotoa uchafu kwa povu, isizimwe usiku ati kwa sababu inapiga kelele.

Kwa sababu hiyo hiyo, stima ikipotea hapa una saa chache kuliko unavyosoma kwingineko. Cha kuokoa kwanza ni mkondo. Taa haina haraka. Nunua pampu ya mawimbi ya volti 12 inayoweza kuunganishwa na betri moja kwa moja, maana inveta hula sehemu ya umeme bure. Betri ya Ah 50, ukitumia nusu tu ili isife mapema, ina Wh 300 hivi. Pampu ya wati 15 itakwenda saa 20. Pampu nyingi za kisasa ni za volti 24, kwa hiyo soma kibandiko kabla hujamwita fundi. Nakuru, lifunike tangi kwa blanketi pande tatu. Kisumu, fungua madirisha.

Mkondo wenyewe uwe kati ya mara 30 na 50 ya ujazo kwa saa, yaani pampu mbili za lita 4,000 hivi kila moja, zikitazamana kwa mshazari na kupokezana. Mkondo wa upande mmoja unaopiga tawi bila kukoma huchubua nyama. Unataka maji yanayokuja na kurudi, yapenye katikati ya vijiti.

Kuna adui mmoja wa nyumbani: dawa ya mbu ya kupuliza. Dawa hizo, na koili pia, zina viuatilifu vya jamii ya pareto, vinavyoua kamba na kaa kwa haraka na samaki wakafuata. Skima huvuta hewa ya chumba moja kwa moja ndani ya maji. Tandika neti, hiyo haina neno; ila dawa ya kupuliza isitumike kwenye chumba chenye tangi. Jiko la makaa nalo liwe nje: kaboni dioksidi yake hushusha pH ya tangi, na moshi wake ni hatari kwako kabla haujawa hatari kwa tumbawe.

Kuleta mche nyumbani

Barabara ya Nairobi kuja Kisumu hupita baridi ya Limuru na ya Mau Summit kabla ya kuteremka kwenye joto. Mche usafiri ndani ya boksi la stairofomu pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa gazeti, usiwekwe kwenye buti la matatu jinsi ulivyo. Ukifika, elea mfuko dakika 20. Linganisha ukolezi wa chumvi. Tofauti ikiwa ndogo kuliko 1, hamisha tu. Kutiririsha maji kwa saa mbili baada ya safari ndefu ni kosa linalofanywa na watu waangalifu: mfuko ukifunguliwa pH hupanda, na amonia iliyojikusanya inageuka kuwa kali zaidi.

Ogesha mche kwa dawa ya kuua wadudu wa matumbawe kwa kipimo cha lebo, dakika 5 hivi, suuza kwenye maji mengine ya chumvi, tupa maji yote ya mfuko. Ukimkuta kaa mdogo mwenye mgongo laini na magando mapana akijificha kati ya matawi, huenda ni Trapezia, mlinzi wa jamii hii ya matumbawe. Mtoe kabla ya dawa, umrudishe baadaye.

Mwanga na rangi

Mche mpya uanzie mchangani kwenye PAR (kipimo cha mwanga unaotumiwa na mwani) 100 hadi 120, kisha upandishwe taratibu kwa wiki nne hadi sita mpaka 200 au 300. Kama huna kipima PAR na huwezi kuazima, washa taa ya LED kwa asilimia 40 na ongeza asilimia 5 kila wiki huku ukitazama ncha. Programu za simu zinazopima mwanga hudanganywa na taa ya buluu, usizitegemee. Saa 9 kwa siku zinatosha, pamoja na kupanda na kushuka polepole asubuhi na jioni.

Sasa rangi. Hudhurungi ya tumbawe ni mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha. Mwani ukizidi, hudhurungi hufunika kila kitu. Ukipungua kupita kiasi, tumbawe linapauka na mifupa myeupe inaonekana kupitia nyama. Waridi na kijani ni protini ambazo tumbawe lenyewe hutengeneza, na zile za waridi hutengenezwa zaidi mwanga unapoongezeka. Ndiyo maana waridi hufifia kwanza ukiliweka tumbawe chini.

Kijani hung'aa chini ya mwanga wa buluu kwa kuwa kinaumeza na kuutoa tena kwa rangi nyingine. Waridi nyingi za kiota hazing'ai hivyo. Zinaonekana kwa kuakisi tu mwanga uliopo. Ukiwasha buluu tupu, tumbawe la waridi lenye afya litaonekana kahawia iliyokolea, na mwenyewe utaanza kusaka ugonjwa usiokuwepo. Ongeza chaneli nyeupe kidogo saa za katikati ya mchana kabla hujagusa kitu kingine.

Kama hata chini ya mwanga mweupe bado ni hudhurungi, pima naitreti na fosfeti. Naitreti iwe miligramu 2 hadi 10 kwa lita, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Zikiwa juu ya hapo, punguza chakula na ongeza maji mapya. Zikiwa sawa, mwanga ni mdogo. Ikiwa tumbawe limepauka, sababu mara nyingi ni kinyume: maji yamesafishwa mno na taa ni kali. Fosfeti ikisoma 0 si ushindi. Ni njaa, na hukaribisha ute wa kahawia wa dinoflajeleti unaochosha kuliko mwani wa kawaida. Walishe samaki zaidi, au toa kifuko cha kunyonya fosfeti. Omena wa sokoni usiwakimbilie kwa kazi hii: wamekaushwa mchangani, na wanatia uchafu mwingi kwa wakati mmoja.

Badilisha kitu kimoja, subiri wiki tatu. Tumbawe lililobadilika kuwa kahawia safarini linaweza kuchukua wiki sita hadi nane kurudisha waridi hata kila kipimo kikiwa sawa, na wengi hulivuruga katika wiki ya nne kwa kukosa subira.

Alkaliniti

Kipimo hiki kimoja kinastahili daftari lake. Lenga dKH 7.5 hadi 8.5, na muhimu kuliko namba ni kwamba isitembee zaidi ya 0.5 kwa siku. Kalsiamu iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu karibu 1,300.

Pima saa ile ile siku tatu mfululizo bila kuongeza chochote. Ikiwa ilikuwa 8.4, ikawa 7.9, ikawa 7.4, tangi linakula 0.5 kwa siku. Sasa tengeneza chupa mbili kwa maji ya RO:

Chupa A: gramu 60 za bikaboneti ya soda katika lita 1.
Chupa B: gramu 52 za kloridi ya kalsiamu, ile yenye maji mawili kwenye fomyula, katika lita 1.

Mililita 100 za A hupandisha dKH 1 kwenye lita 200. Mililita 100 za B hurudisha kalsiamu ya miligramu 7 hivi kwa lita, ambayo ndiyo tumbawe hutumia kwa kila dKH 1 wakati wa kujenga mifupa. Kwa hiyo kipimo cha A na B ni sawa daima. Tangi linalokula 0.5 lipewe mililita 50 za kila moja kwa siku, A asubuhi, B jioni, palipo na mkondo mkali. Zikikutana, maji yatakuwa meupe kama ya chokaa na umepoteza zote mbili.

Bikaboneti ni ile ya kuokea, iliyoandikwa hivyo peke yake kwenye pakiti. Baking powder, ile hamira ya unga ya keki, ina asidi na wanga ndani, haifai. Wala usitumie magadi ya kuchemshia mboga: yanachimbwa na kuuzwa bila kusafishwa, na hujui yameandamana na nini.

Mche ukikua, ulaji huongezeka. Kidole cha sentimita 3 kinaweza kuwa ngumi ndani ya mwaka, na kipimo kilichotosha Januari hakitatosha Agosti. Pima mara mbili kwa wiki.

Ncha zilizoungua, nyeupe milimita 2 au 3 na zisizorudisha polipu, zikija wakati naitreti iko karibu na 0 na dKH imepita 9, dawa ni kushusha dKH polepole hadi 7.5 na kulisha zaidi. Lakini ncha nyeupe zenye polipu zilizotoka ni ukuaji mpya tu. Furahia.

Yanayoharibika, na namna ya kukata

Moyo wa kichaka ukianza kufa, pampu haitoshi au kichaka kimekuwa kizito. Kata matawi ya katikati. Nyama ikimenyuka kutoka chini kwenda juu, hasa ndani ya saa chache, usingoje kujua sababu: kata kila tawi sentimita 1 juu ya mstari wa ugonjwa, ogesha vipande, vigundishe mahali pengine. Kisha ndipo upime joto, chumvi na dKH. S. hystrix ikibanwa kabisa, polipu zake hujitoa kwenye mifupa na kuelea. Ukiona hivyo, shida imekuwepo kwa muda.

Kukata kwa kawaida kunahitaji koleo kali la kukatia mifupa, si mkasi wa jikoni unaoponda. Vipande vya sentimita 2 au 3, supaglu ya jeli, kitako kikavu cha kauri. Bonyeza sekunde 20 ndani ya maji, kiache kwenye mkondo wa wastani na mwanga ule ule wa mama. Nyama huanza kutambaa juu ya gundi kwa wiki moja au mbili.

Kipande cha kwanza kisikae kwako. Mpe mfugaji mwingine mtaa mwingine, ikiwezekana asiyetumia transfoma moja na wewe: ukiwa Milimani Kisumu, aliyeko Mamboleo, ukiwa Section 58 Nakuru, aliyeko Lanet. Mwandikie kwenye kitako tarehe ya kukatwa na PAR ulikotoka, ili akiweke kwenye mwanga unaofanana nao.